Huku wanasema hadithi tupu, kule wanasema nadharia tupu: nasoma historia na siasa, nihame?

Dada shikamoo,

Pole na majukumu. Naomba usiweke jina langu wala la chuo mana darasani kwetu tuko wachache, mtu akisoma tu hapa atajua ni mimi.

Nina miaka 21, kwetu Magu, form six nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na saivi niko mwaka wa kwanza semista ya pili chuo kimoja hapa Dar nachukua digrii ya historia na sayansi ya siasa, yaani masomo mawili kwa pamoja nusu kwa nusu. Hii koso niliichagua mwenyewe kwa mkono wangu na ilikuwa chaguo la kwanza, nasema hivi mana kila mtu akisikia anadhani nilikosa sheria nikatupwa huku. Napenda sana haya masomo, toka nikiwa form two nilikuwa nakaa na redio ya babu nasikiliza vipindi vya zamani mpaka betri zinaisha.

Sasa dada tatizo langu liko hivi. Mwezi wa tatu tulipewa asaimenti ya siasa, kwanini Tanzania ilirudi kwenye vyama vingi mwaka 1992. Nikasema hii ndo yangu. Nikaandika kurasa nane, nikaanza na uhuru 1961, nikaja katiba ya 1965 ya chama kimoja, Azimio la Arusha, TANU ya bara na ASP ya Zanzibar kuungana 1977 kuwa CCM, mpaka Tume ya Nyalali, sikuruka kitu, tarehe zote zipo. Nikapata 11 kwa 20, pembeni kaandika kwa peni nyekundu maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "hii ni hadithi, hoja iko wapi?" Bas nikaumia ila nikajifunza, nikasema kumbe wanataka nadharia. Wiki mbili mbele ikaja ya historia, vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, eleza kwanini. Safari hii nikajaza nadharia, dola, matabaka, ubepari wa pembezoni, nikamnukuu Walter Rodney mara nne. Nikapata 10 kwa 20 na huyu naye kaandika "nadharia nyingi, ushahidi uko wapi?" Dada nilikaa kimbwetani nikalia kabisa, mana hawa walimu wawili wako jengo moja, mmoja ananiambia niache hadithi mwingine ananiambia nilete hadithi, mimi nijigawe vipi?

La pili ni mjomba. Bodi imenipa mkopo lakini ada haijafika yote, kipande kilichobaki analipa mjomba yuko Mwanza ana duka la vifaa vya ujenzi. Juzi kanipigia anasema mwaka wa pili nihame niende sheria au ualimu, la sivyo hela yake anaipeleka kwa mtoto mwingine wa ukoo, anasema "historia imeshapita na siasa ina wenyewe, wewe utakula wapi?" Sina jibu dada. Nilikaa kimya mpaka salio lake likaisha.

Mama naye ana hofu zake. Kila tukiongea anamalizia na "mwanangu usiingie kwenye mambo ya watu", anadhani nikisoma siasa nitaanza kuvaa kofia ya chama na kupigwa virungu. Baba hana neno, yeye anawaza bei ya pamba. Babu peke yake ndo anafurahi, na yeye ana yake mana zamani alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika mpaka kilipovunjwa na mpaka leo ana sanduku la bati uvunguni limejaa makaratasi ya ushirika, hataki mtu aliguse, bibi alishataka kuwashia moto akazuiwa. Nilipomwambia kuhusu ile asaimenti akasema mwambie mwalimu wako aje nimweleze.

Naomba ushauri dada. Nihame? Au niombe nibaki na somo moja tu? Naona kama nasoma vitu viwili vinavyogombana na katikati nipo mimi.

Kijana wa Magu, Dar es Salaam

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hayo machozi ya kimbwetani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisoma kipande kimoja tu, kile cha babu na sanduku la bati. Umekiandika kwa haraka mwishoni kama kitu cha kupita, na mimi naona jibu la zaidi ya nusu ya barua yako liko uvunguni kwa babu. Ntarudi huko, ila niseme kwanza kwamba na mimi nilisoma masomo haya haya mawili, na mwaka wa kwanza nilipata maksi zinazofanana na zako, kwaiyo sikuongelei kutoka pembeni.

Tuanze na hao walimu wako. Unaona wanakuambia vitu viwili vinavyopingana, mimi nikiwasoma naona wamekuambia kitu kimoja, kila mmoja kakiona kutokea upande wake. Ulipoandika ya siasa ulikuwa na ushahidi mwingi hauna swali, ulipoandika ya historia ulikuwa na majibu makubwa makubwa hauna ushahidi hata wa kilo moja. Ungezibadilishana hizo kazi mbili nusu kwa nusu ungekuwa unaongelea 16 huko.

Chukua ile ya vyama vingi. Kurasa nane, tarehe zimepangana kama vituo vya daladala, Kariakoo, Magomeni, Manzese, na msomaji anashuka Ubungo hajui kwanini alipanda. Mwalimu wa siasa hakuuliza nini kilifuata nini, kauliza KWANINI, na kwanini ya siasa mara nyingi inaanzia pale penye kitu kisichoeleweka. Na hapo kipo, na ulikigusa mwenyewe ukapita. Tume ya Nyalali iliundwa 1991 ikazunguka nchi nzima kuuliza watu, na walio wengi, karibu asilimia 80, wakasema chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi. Chama tawala kikakubali na 1992 sheria ikabadilika. Sasa hebu simama hapo kwanza. Chama kilichoshika nchi yote, wananchi wengi wanasema baki hivyo hivyo, kinafungua mlango chenyewe, kwanini? Swali ndo hilo mdogo wangu. Ukianza na hilo ukurasa wa kwanza, mwalimu anakaa sawa kwenye kiti.

Alafu unaleta maelezo yanayoshindana. Mmoja atasema ni dunia, ukuta wa Berlin ulianguka 1989 na wafadhili wakaanza kuweka masharti. Mwingine atasema ni Mwalimu Nyerere, mana mwaka 1990 ndo alianza kusema hadharani kwamba mjadala wa vyama vingi usionekane dhambi. Mwingine atasema ni hesabu za chama chenyewe, bora kufungua mapema ungali na nguvu kuliko kusubiri usukumwe umeshachoka. Utajuaje lipi lina uzito? Hapo unaangalia majirani. Zambia walibadilisha sheria 1990 kukiwa kumeshachafuka mitaani na Oktoba 1991 Kaunda akashindwa uchaguzi. Kenya waliondoa kile kifungu cha chama kimoja Desemba 1991 baada ya kubanwa kila upande, Moi akashinda 1992 wapinzani wakiwa wamegawanyika. Malawi walipiga kura ya maoni 1993, mwaka uliofuata Banda akatoka. Sisi tukafungua 1992, tukapiga kura 1995, CCM ikabaki. Upepo ulikuwa mmoja ila nyumba zilianguka tofauti, na ukishaona hivyo huwezi tena kujibu "ni wafadhili" ukafunga daftari, mana wafadhili walikuwepo kote. Kulinganisha ndo kazi ya sayansi ya siasa. Lakini angalia kitu kingine, kila nilichokutajia hapo ni historia, bila tarehe zako hakuna cha kulinganisha. Zile kurasa nane hazikuwa za bure, zilikosa swali la kuzibeba tu.

Sasa ushirika, na hapa naomba unisamehe ntakaa muda mrefu mana hiki ni kitu cha kwenu kabisa, na nilishangaa mtoto wa Magu mjukuu wa karani wa ushirika anaandika asaimenti ya ushirika anamnukuu Rodney mara nne na babu yake hayumo hata mara moja. Rodney mwenyewe namheshimu sana, alifundisha historia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, na kile kitabu chake cha 1972, cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, wanafunzi wetu wengi wanakinukuu kabla hawajakisoma, lakini Rodney kabla hajaandika hayo mambo makubwa alikaa kwanza kwenye nyaraka za Ureno na kwingineko akaandika udaktari wake juu ya pwani ya Guinea, ukurasa kwa ukurasa. Watu wanachukua paa la nyumba yake wanaacha msingi.

Kanda ya Ziwa miaka ya 50 mwanzoni mkulima anavuna pamba, anaibeba kwenda kwa mnunuzi, na mizani ni ya mnunuzi. Anaambiwa uzito wowote anakubali, atafanyaje? Malalamiko ya mizani ndo yaliyowasha moto. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia mizani, Paul Bomani akawa mbele kuwaunganisha, na 1955 ikazaliwa Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya pamba, ambao baadae ukawa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Sasa weka pembeni yake jambo hili, TANU ilipigwa marufuku huko kwenu toka 1954 mpaka 1958. Unaelewa maana yake? Kwa miaka minne chama cha siasa hakiruhusiwi lakini ushirika upo, una mikutano, una makatibu, una watu wanaojua kusoma na kuandika na kuhesabu hela na kuongea mbele ya umati. Ushirika ukawa shule ya siasa bila kuitwa siasa. Na Bomani huyo huyo baada ya uhuru akawa waziri wa fedha.

Bas, ukishajua hivyo ndo unaliona lile swali la 1976 kwa macho mengine. Serikali iliyobebwa na ushirika kuingia madarakani inakuja kuvunja ushirika huo huo, imekuwaje? Njia yake ipo, 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika ikakuta wizi na uongozi mbovu kwenye vyama vingi, na sio uongo, ulikuwepo. Alafu vikaja vijiji vya ujamaa, sheria ya 1975 ikakifanya kijiji chenyewe ndo kiwe kama chama cha ushirika, na 1976 vyama vikuu vikavunjwa, mazao yakaenda kwa mamlaka za serikali. Miaka sita tu mbele, 1982, sheria nyingine ikavirudisha. Sayansi ya siasa itakuuliza, je dola ya chama kimoja inaweza kuvumilia taasisi yenye hela zake, watu wake na viongozi wake ambao haikuwateua? Swali zuri mno. Lakini jibu lake halipo kwenye nadharia ya matabaka, lipo kwenye makaratasi, nani alipata barua, lini, imeandikwaje, mali za chama zilienda wapi, karani aliambiwa nini asubuhi ile.

Na hapo ndo babu anaingia.

Lile sanduku naomba lisiguswe na moto, hilo kwanza, mwambie bibi dada yako wa gazetini amepiga magoti. Ukienda likizo usilipekue, kaa na babu alifungue mwenyewe, yeye akitoa karatasi wewe unauliza hii ni nini, nani kasaini, huyu alikuwa nani. Piga picha kila karatasi kwa simu mbele na nyuma, andika ilitoka ya ngapi na ilikuwa juu ya ipi, usibadilishe mpangilio mana mpangilio wenyewe unaongea. Kama babu anakubali mrekodi. Na muulize pia vitu vidogo, mshahara wake ulikuwa shilingi ngapi, siku ya malipo foleni ilianza saa ngapi, nani alikaa na ufunguo wa sefu. Watu wengi wakienda kwa wazee wanauliza "unaonaje Azimio la Arusha" wanapewa hotuba ya redioni. Uliza ufunguo, ndo utapata historia.

Ila nikuonye kwa upendo, babu ni shahidi na shahidi ana upande. Alikuwa karani, chama kikivunjwa yeye anapoteza kazi na heshima. Kama kulikuwa na upungufu wa hela atasema ulikuwa wa chama cha jirani. Kwaiyo maneno ya babu unayapeleka kukutana na maneno ya serikali, na maneno ya serikali nayo usiyaogope, nayo yana upande, afisa aliyeandika ripoti alikuwa na bosi wake. Nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, beba barua ya utambulisho ya chuo, waambie unatafuta mafaili ya ushirika wa Kanda ya Ziwa. Nenda na chumba cha East Africana kwenye maktaba ya Mlimani. Mara ya kwanza utakaa siku nzima utoke na mistari mitatu na vumbi puani, ndo kazi ilivyo, mimi siku yangu ya kwanza nilitoka na jina moja tu la mtu na jina hilo likanipa tasnifu nzima.

Kwaiyo jibu la "nijigawe vipi" ni kwamba usijigawe. Asaimenti ya siasa ipe swali lenye mgongano alafu ulishe ushahidi wa historia, asaimenti ya historia ipe ushahidi alafu mwishoni ruhusu swali la siasa liingie kwa adabu. Na nenda ofisini kwa hao walimu wote wawili, usiende kudai maksi, nenda na ukurasa mmoja umeandika "nataka kufanya tasnifu ya mwaka wa tatu juu ya ushirika wa kwetu, nina sanduku la makaratasi". Mwalimu wa chuo akisikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana nyaraka ambazo hazijawahi kusomwa na mtu, atakuita yeye.

Tuje kwa mjomba. Mjomba wako sio mbaya na usimjibu kama adui, ni mtu anayetoa hela yake ya mabati na misumari kila semista na ana haki ya kuuliza itarudi vipi. Wala usimwambie Nyerere alikuwa mwalimu wa historia pale Pugu, ni kweli alikuwa, lakini mjomba atakujibu wewe sio Nyerere na mazungumzo yatakufa hapo.

Mwambie ukweli. Digrii hii haina jina la kazi. Ukisoma uuguzi wewe ni nesi, ukisoma historia na siasa hakuna tangazo linasema "anahitajika mwanahistoria na siasa, aje Jumatatu". Watu wa koso hii wanaenda kwenye kumbukumbu na nyaraka, makumbusho, utafiti, habari, asasi za kiraia, ofisi za Bunge na halmashauri, wengine wanaongeza diploma ya uzamili kwenye mambo ya diplomasia pale Kurasini, wengine wanabaki chuo kufundisha. Kila mlango huo una watu wengi nje wanasubiri, sitakudanganya. Kubaki chuo vyuo vingi wanataka GPA kuanzia 3.8, kwaiyo zile 10 na 11 lazima zife mwaka huu huu wakati bado mapema.

Kuhusu ualimu, jiulize wewe sio mjomba, unataka kusimama mbele ya form one B miaka 30? Kama moyo unasema ndio, bas hama mapema, mana ajira za ualimu zinaangalia masomo ya kufundishia, na sayansi ya siasa kama somo haifundishwi sekondari, utabaki na historia peke yake mguu mmoja. Kuna njia ya kumaliza digrii hii alafu kusoma diploma ya uzamili ya ualimu, ipo na watu wameipita, ila ni mwaka mwingine na ada nyingine na mjomba ajue mapema. Kama moyo unasema hapana, usihame kwa sababu ya simu moja. Nimeona vijana wamehamia sheria kwa kusukumwa, mwaka wa pili wana sapu tatu, mitihani ya kurudia, na hela ya mjomba imepotea vilevile. Na kabla hujafanya lolote uliza bodi kwanza mkopo wako unafuataje ukihama, watu wanaliwa hapo.

Kitu cha kumpa mjomba mkononi ni hiki, jifunze kitu ambacho wenzako wa koso wanakikimbia, nacho ni namba. Wengi walikuja HGL kukimbia hesabu na wanadhani siasa haina hesabu. Chukua takwimu kama somo la hiari, kaa na Excel, alafu SPSS au R, programu za kuchambua takwimu. Data za Afrobarometer, wale wanaohoji wananchi wa nchi nyingi za Afrika, zinapakuliwa bure, na Tanzania imo toka 2001, utaona watu walijibu nini kuhusu Bunge, polisi, rushwa, bei, unaweza kuzichezea hata kwa laptop ya kuazima. Mtu anayejua kusoma faili la 1958 na pia anajua kusoma jedwali la watu elfu mbili waliohojiwa jana, huyo hata mjomba dukani atamuelewa mana na yeye anafanya hivyo kila siku, anaangalia daftari la zamani kujua msimu huu aagize mifuko mingapi ya saruji. Mwambie hivyo hivyo. Na kama una muda wa ziada ongeza lugha, nyaraka za miaka ya Wajerumani zipo hapo hapo Upanga na wanaoweza kuzisoma ni wachache mno, sio kwa sababu ya Kijerumani tu bali hata ule mwandiko wa zamani ni wa kujifunza.

Mama sasa. Usimcheke. Kizazi cha wazazi wetu kina kumbukumbu zake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akakutana nao Ikulu, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, na hapo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hiyo habari imepita kwenye koo nyingi, kila ukoo na toleo lake, na mwisho wa kila toleo mama anamwambia mtoto usiingie mambo ya watu. Usimbishie mama, msimulie. Mwambie kusoma siasa ni kama daktari kusoma malaria, haimaanishi anaitaka. Alafu uishi hivyo kweli, mana ukiwa mwaka wa kwanza vyama vyote vitakutaka, watakuja na fulana, una uhuru wako wa raia na sikukatazi, ila ukishavaa fulana kabla hujajifunza kuuliza, kila karatasi utakayosoma itakuwa inakubaliana na wewe. Jipe angalau mwaka huu wa kusikiliza pande zote ukiwa na daftari.

Umeuliza pia uombe kubaki na somo moja. Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni hiyo barua yako. Mtu asiyezifaa hizi fani mbili hasikii mgongano wowote, anajaza karatasi anaenda kula. Wewe umeusikia mpaka ukalia.

Sasa kuna baba, umemtaja mstari mmoja, "anawaza bei ya pamba". Baba anauza kupitia Amcos, ushirika wa msingi wa siku hizi, si ndiyo? Anasimama kwenye mizani ya Amcos leo, kama babu alivyosimama nyuma ya mizani ya chama cha msingi, kama wale wa miaka ya 50 walivyosimama mbele ya mizani ya mnunuzi. Vizazi vitatu kwenye nyumba moja. Ukifunga chuo mwezi wa saba pamba bado inauzwa, nenda na baba siku ya kupima, simama pembeni, angalia nani anasoma namba, nani anaandika, baba anaruhusiwa kuuliza nini na akiuliza anajibiwaje. Jioni kaa na babu mfungue sanduku, mtafute stakabadhi moja ya zamani, muiweke mezani karibu na ya baba ya siku hiyo, na umpigie mjomba aje azione zote mbili. Alafu niandikie, nataka kujua ya babu ilikuwa ya mwaka gani na ya kilo ngapi.